Kutoka Ngomeni Mombasa hadi Milima ya Nizwa: Siku Saba katika Mkoa wa Ad Dakhiliyah, Oman

Nimezaliwa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mahali ambapo mtu akitoka nyumbani kwa miguu hufika Ngomeni, yaani Fort Jesus, kabla jasho halijamtoka. Tangu utoto tulifundishwa kwamba Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, na kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Tuliwawazia Waomani hao kuwa watu wa bahari tu, kwa sababu tuliwajua kwa majahazi yao. Ukubwani nilisoma kwamba maimamu wa ukoo wa Yaarubi, watawala wa Oman wa wakati huo, waliotuma majeshi hayo, waliegemea milima ya Hajar na mashamba ya mitende yaliyo nyuma yake, na toka siku hiyo nikawa na hamu ya kuiona nchi hiyo kwa macho yangu.

Mkoa ambao ndani yake mna Nizwa, Bahla, Jabrin na Jabal Akhdar huitwa Ad Dakhiliyah, yaani sehemu za ndani. Niliuzunguka kwa siku saba mwezi wa Aprili 2025 pamoja na binamu yangu, mtoto wa ami yangu, anayefanya kazi Maskati. Maelezo haya nimeyapanga baada ya kurudi nyumbani, kwa kufuata daftari langu, risiti nilizozihifadhi na picha za simu.

Jumatano, 9 Aprili: Maskati hadi Nizwa

Gari tulilokodi lilikuwa lifike saa mbili za asubuhi, lakini lilifika saa nne na nusu, na kwa kuwa mwenye kulileta hakuwa na maelezo ya kutosha, tulipoteza nusu saa nyingine tukilikagua na kupiga picha kila mkwaruzo. Tulilipa rial 27 kwa siku, na rial moja ni kama shilingi 335 za Kenya. Ungeweza kukodi gari dogo kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na hata basi la abiria hufika Nizwa kwa nauli ndogo, lakini anayetaka kupanda Jabal Akhdar hana budi kuwa na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kiasi cha kilomita 160 za barabara pana na nzuri. Msafiri kutoka Kenya au Tanzania akumbuke kwamba Oman magari hupita upande wa kulia. Binamu yangu ameshazoea, nami nilimwachia usukani safari nzima. Baada ya Fanja barabara huingia katika pengo la Samail, njia ya kale inayoikata safu ya Hajar na kuunganisha pwani na bara. Milima ya pande zote mbili ni mawe matupu ya rangi ya hudhurungi na kijivu, hayana hata kichaka, kisha ghafla chini ya barabara hutokea mitende iliyobanana kwenye ukingo wa bonde. Sura hiyo hujirudia hadi Izki, na ndiyo jiografia yote ya mkoa kwa ufupi: mawe kila mahali, na uhai pale tu maji yalipofikishwa.

Tulifika Nizwa alasiri na kupata chumba cha rial 18 katika nyumba ya wageni iliyo ndani ya Harat al Aqr, mtaa wa kale wa nyumba za udongo ulio nyuma ya ngome. Nyumba nyingi za mtaa huo zilikuwa zimehamwa, na sasa wenyewe wanazikarabati moja baada ya nyingine kuwa mikahawa na malazi. Magharibi tulitembea juu ya ukuta wake wa kale tukaona jua likizama nyuma ya mitende.

Usiku niliingia duka la halua. Nilikuwa nikimuuliza binamu yangu kwa Kiswahili kama tununue ya zafarani au ya sukari nyeusi, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameketi pembeni akisubiri mzigo wake akageuka, akasema, "Wewe Mvita huyo." Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwa Kiswahili safi cha Unguja, kana kwamba alitoka Forodhani asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa ameondoka Unguja akiwa msichana, baada ya mwaka 1964, akaja Oman miaka ya sabini. Alituelekeza tuchukue ya zafarani, akaongeza bakuli dogo juu ya yale tuliyochagua, na tulipofika kwa mwenye duka tukaambiwa yote yamekwisha kulipiwa. Watu kama yeye ni wengi Oman, na msafiri wa Afrika Mashariki asione haya kusema lugha yake mahali pa watu.

Alhamisi, 10 Aprili: Ngome ya Nizwa na Falaj Daris

Kiingilio cha ngome kwa mgeni ni rial 5, na kwa maoni yangu hakuna mahali mkoani ambapo fedha hizo zinanunua mengi zaidi. Mnara wake mkuu wa duara ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa Yaarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilichukua miaka 12. Sehemu ya chini ya mnara imejazwa udongo na mawe ili uweze kustahimili mshindo wa mizinga, yake na ya adui, na juu kuna uwanda wenye matundu ya mizinga pande zote.

Njia ya kupanda ndiyo iliyonisimamisha muda mrefu. Ngazi ni nyembamba na hukata kona kila mara. Kila kona ina mlango mzito wa mbao, na juu ya kila mlango kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Asali hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya vita peke yake. Katika ghala magunia ya tende hupangwa juu ya sakafu yenye mifereji midogo, na kwa uzito wao wenyewe hukamuliwa asali ikachuruzika hadi mtungini. Askari walikula tende, walihifadhi asali yake, na siku ya kuzingirwa ikawa silaha.

Nilipofika juu nilifanya hesabu ya nasaba. Imamu Sultan bin Saif alikuwa na wana wawili walioushika uimamu baada yake, Bil'arab na Saif. Huyo Saif bin Sultan ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa ngome ya kwetu mwaka 1698. Nimekua nikicheza chini ya kuta alizozitwaa mwana, na siku hiyo nilikuwa nimesimama juu ya mnara alioujenga baba.

Jioni tulikwenda Falaj Daris, nje kidogo ya mji. Falaj ni mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi au kwenye chemchemi na kuyaongoza kwa mteremko tu, bila pampu, hadi mashambani, na Daris ni mmojawapo wa mitano iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Oman inayo kiasi cha mifereji 3,000 ya namna hiyo inayofanya kazi hadi leo. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi na wajukuu wake, miguu yao yote majini, alitukaribisha kahawa na tende, na binamu yangu akawa mkalimani wangu. Alieleza kwamba maji hugawanywa kwa muda. Kipimo chake huitwa athar, nacho ni nusu saa. Zamani mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota zinapochomoza juu ya kilima fulani. Hisa ya maji hurithiwa, huuzwa na hukodishwa kama shamba. Maji ya kunywa huchotwa kwanza juu kabisa, kisha hufuata ya kutawadha na kuoga, na mitende hupata yaliyobaki. Nilimuuliza kama watu hawagombani. Akajibu kwamba wanagombana sana, ndiyo maana kuna wakili wa falaj, yaani msimamizi wake.

Ijumaa, 11 Aprili: Mnada wa mbuzi, kisha kupanda mlima

Anayekwenda Nizwa apange safari yake ili Ijumaa imkute hapo. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi tayari uwanja wa mifugo ulio pembeni mwa soko ulikuwa umejaa. Wanunuzi huketi na kusimama kwa duara, ndani na nje, na katikati yao hubaki njia ya mviringo ambamo wauzaji huwazungusha mbuzi, kondoo na ng'ombe wakitangaza bei kwa sauti. Mnunuzi humshika mnyama anapopita, hutazama meno, hupapasa mgongo, na kama bei haikumpendeza humwachia aendelee na mzunguko. Wanaotembeza bei huitwa dalali, neno lile lile la kwetu. Wanawake wa kibedui waliovaa barakoa hujadiliana bei bila kumwonea haya mtu yeyote. Kabla ya saa tatu mambo yalikuwa yamepungua, na anayefika baada ya kifungua kinywa cha hoteli atakuta kamba na samadi.

Baada ya Swala ya Ijumaa tulielekea Birkat al Mauz, kijiji ambacho jina lake ni "birika la ndizi", na kwa kweli migomba imejaa chini ya mitende yake. Hapo hupita Falaj al Khatmain, wa pili kati ya ile mitano, na karibu na ngome ndogo ya Bait al Radidah maji yake hugawanyika katika mifereji mitatu iliyo sawa. Nilitupa majani matatu juu ya mgawanyo huo. Kila moja likafuata njia yake.

Mbele ya kijiji kuna kizuizi cha polisi. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hurudishwa, hata dereva aombe vipi, na askari huangalia leseni na karatasi za gari. Barabara yenyewe ni ya lami na pana, lakini mteremko wake ni mkali mno, na magari madogo yaliwahi kuunguza breki wakati wa kushuka. Anayeshuka aweke gia nzito tangu juu, wala asitegemee breki. Pembeni kuna njia za dharura zilizojazwa changarawe kwa ajili ya gari lililoshindwa kusimama.

Kwa kiasi cha kilomita 35 tulipanda kutoka joto la Nizwa hadi uwanda wa Saiq, ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari. Nilishuka garini nikarudi kuchukua koti. Hewa ilinuka mireteni, miti ambayo sikuwahi kuiona hai.

Jumamosi, 12 Aprili: Waridi

Siku hii nimeiandikia kurasa tisa daftarini. Vijiji vya Al Aqr, Al Ain na Ash Shirayjah vimeshikamana na ukingo wa korongo, na chini yao matuta ya mashamba yamejengwa kwa mawe, moja chini ya jingine, hadi jicho lisione tena. Humo hulimwa makomamanga, pichi, jozi, vitunguu saumu na, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi kati ya Mei, waridi. Kila tuta limeshikiliwa na ukuta uliojengwa kwa mkono, na kila tuta hufikiwa na maji ya mfereji.

Mwenye nyumba tuliyolala, kwa rial 30 pamoja na chakula cha usiku, alitugongea mlango kabla ya alfajiri. Mawaridi huchumwa umande ukiwa bado juu yake, kwa sababu jua likipanda harufu hupungua. Tulimfuata mjomba wake mwenye umri mkubwa, aliyechuma kwa mikono miwili na kutupa mawaridi kwenye kikunjo cha shuka aliyoifunga kiunoni. Nilimsaidia, mikono yangu ilichomwa miiba, na shuka yangu ilikuwa haijafika nusu alipokuwa amejaza yake mara ya pili.

Kazi ya kukamua hufanyika katika chumba kidogo chenye kuta zilizosawijika kwa moshi. Ndani ya tanuri la udongo kuna vyungu vilivyopangwa mstari. Petali hutiwa chunguni, juu yake ndani huwekwa chombo kidogo, na mdomo wa chungu hufunikwa kwa bakuli la shaba lenye maji baridi. Mvuke unapopanda hukutana na kitako cha bakuli, hugeuka maji, hudondoka ndani ya kile chombo. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa. Baada ya saa kadhaa mzee alifunua, akamimina kwenye mtungi maji yenye rangi ya chai nyepesi, yenye harufu ya waridi na moshi pamoja.

Harufu hiyo niliijua. Nyumbani kwetu bibi yangu alikuwa na mrashi wa fedha, na katika maulidi na arusi ndiye aliyepita mbele ya wageni akiwanyunyizia marashi mikononi. Siku zote alilalamika kwamba marashi ya dukani hayana moshi, nasi watoto hatukuelewa anataka nini. Niliposimulia hayo, mzee aliondoka bila neno, akarudi na chupa ambayo hakuwa ameiweka katika mauzo, akanipa. Nililipa rial 8 kwa chupa nyingine mbili. Hiyo ya kwanza alikataa kuitaja bei.

Mchana tulishuka Wadi Bani Habib, kijiji kilichoachwa, ambacho nyumba zake za mawe bado zimesimama juu ya bustani zinazolimwa. Milima hii iliona vita kati ya 1957 na 1959, wafuasi wa Imamu Ghalib bin Ali walipopambana na Sultani Said bin Taimur aliyesaidiwa na Waingereza, na vijiji vya uwanda huu vilipigwa mabomu kutoka angani. Nilitembea humo kwa utaratibu, kwani wenye nyumba hizo wangali hai katika vijiji vya juu.

Jumapili, 13 Aprili: Bahla na Jabrin

Ngome ya Bahla, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, ni kubwa kiasi cha kumlemea mtazamaji. Ilijengwa kwa matofali ya udongo juu ya misingi ya mawe, na ilikuwa imechakaa hata mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, ikatolewa mwaka 2004 baada ya matengenezo marefu. Ukuta wa mji huzunguka mitende na nyumba kwa kiasi cha kilomita 12. Tuliimaliza kwa saa moja na nusu, tukanunua chungu cha kufukizia udi katika karakana ya wafinyanzi kwa rial 2, tukaenda Jabrin.

Jabrin imejengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan, mwana mkubwa wa aliyejenga mnara wa Nizwa, katika miaka ya 1670. Kwa nje ni ngome; ndani ni nyumba ya mtu aliyependa elimu na starehe ya macho. Dari zake za mbao zimepakwa maua na hati kwa rangi nyekundu, nyeusi na dhahabu. Ukumbi wa Jua na Mwezi una madirisha 14, ya chini ya kuingiza hewa baridi na ya juu ya kuitoa iliyopata moto. Mfereji wa maji hupita chini ya jengo. Farasi wa Imamu alipandishwa ghorofani akawa na chumba chake. Na chini ya sakafu ya ukumbi mmoja wa mapokezi kuna mahali pa kujificha walinzi, endapo mgeni atakuja na nia mbaya.

Aliyekuja na nia mbaya alikuwa ndugu yake. Saif alimwasi Bil'arab, akamzingira humu humu Jabrin, na Bil'arab akafia ndani ya ngome yake katika miaka ya mwanzo ya 1690. Kaburi lake liko chini, katika chumba chenye kiza karibu na mfereji, na maji husikika yakipita. Miaka michache baadaye Saif huyo akawa bwana wa Mombasa. Vitabu vya shule vilituambia tu kwamba Imamu aliombwa na Waswahili kuja kuwafukuza Wareno, nasi tukamshukuru. Nilisoma Fatiha mbele ya kaburi la nduguye, nikakaa hapo hadi mlinzi alipokuja kusema wanafunga.

Jumatatu, 14 Aprili: Al Hamra, Misfat na Jabal Shams

Katika mji wa kale wa Al Hamra kuna Bait al Safah, nyumba ya udongo iliyofanywa makumbusho, ambamo wanawake huonyesha kazi za nyumbani. Mmoja alisaga mbegu za shuu juu ya jiwe hadi mafuta yakatoka. Mti huo ni wa jamii moja na mlonge wetu. Mwingine alipaka donge juu ya bamba la moto kwa kiganja, akabandua mkate mwembamba kama karatasi, akatupa tuule na asali.

Misfat al Abriyin, kijiji kilichojengwa juu ya mawe makubwa, kilitajwa mwaka 2021 na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vijiji bora. Acha gari nje, vaa kwa heshima, fuata mfereji kwa miguu chini ya mitende, usipige picha za watu bila idhini.

Njiani kuelekea Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, wenye kiasi cha mita 3,000, tulipata pancha kwenye kipande cha changarawe, na tukagundua kwamba jeki ya gari ilikuwa haifanyi kazi. Magari mawili yalisimama bila ya kuashiriwa. Mfugaji mmoja alitoa jeki yake, akabadilisha gurudumu yeye mwenyewe kwa kuwa alituona hatuna uzoefu, kisha akasisitiza tunywe kahawa kibandani kwake. Kagueni jeki na gurudumu la akiba kabla ya kutia sahihi karatasi za gari. Tulifika kwenye ukingo wa korongo la Wadi Nakhr saa moja tu kabla ya magharibi. Ukuta wa mwamba hushuka moja kwa moja hadi bondeni, na mbuzi walikuwa wakilisha mahali ambapo mimi nilishika jiwe kwa mikono yote miwili.

Jumanne, 15 Aprili: Manah na kurudi

Asubuhi ilikwenda kwa kuziba pancha, rial 1. Kisha tuliingia jumba la makumbusho lililofunguliwa Manah mwaka 2023 kuonyesha historia ya Oman enzi kwa enzi. Lipewe nusu siku nzima, sisi tulikuwa na saa mbili. Barabara ya kurudi ilikuwa ile ile.

Kwa siku saba, watu wawili, tulitumia rial 189 za gari, 26 za mafuta, 144 za malazi, na kama 70 za chakula na viingilio. Chupa za marashi nilizifunga ndani ya nguo, katika mzigo mkubwa, na zilifika salama. Mbili nimezigawa kwa mashangazi. Ile ya zawadi mzee alisema ikae siku arubaini gizani itulie, na ninapoandika haya ni siku ya kumi na tisa. Nimeiweka kabatini, karibu na mrashi wa bibi.